Diski Isiyo na Kelele

17 Machi

Daktari ametuagiza tuandike kila siku: mgonjwa amekula nini, amelalaje, amekohoa damu au la. Nimenunua daftari kubwa kwa kazi hiyo. Kurasa za mbele ni za daktari. Huku nyuma naandika yangu, maana kwenye nyumba yenye mgonjwa mtu mwenye afya hana haki ya kulalamika, na mimi bila kulalamika siku haiendi.

Habari yenyewe ni hii. Uvimbe wa kooni mwa mke wangu haukusikia dawa wala mionzi. Tarehe kumi na tatu Mei watampasua na kuondoa kisanduku chote cha sauti. Atapumua kwa tundu la shingoni. Atakula, atatembea, atafanya shughuli zake, ila sauti haitarudi tena. Daktari alisema hayo huku ameelekea dirishani, mpaka mke wangu akamwambia, "Daktari, mgonjwa yuko huku." Amefundisha shule ya msingi tangu usichana wake mpaka kustaafu. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, na mimi nilishazoea kumwita hivyohivyo.

Mvua imeanza leo.

19 Machi

Binti yetu mkubwa, ambaye ni nesi mji mwingine, amepiga simu na wazo. Kuna wagonjwa wanaorekodi sentensi kabla ya kupasuliwa. Baadaye wanabonyeza kitufe kwenye kompyuta na sentensi inatoka kwa sauti yao wenyewe. "Baba, wewe si ndiye fundi wa sauti?" akasema. Ni kweli. Maisha yangu ya kazi yote nilikaa studio za redio, nyuma ya kioo, nikiangalia mshale wa kipimo cha sauti usiingie kwenye wekundu. Kompyuta ya nyumbani ninayo, nimeiunga mwenyewe, na inatumia mfumo wa Linux kwa sababu sipendi mashine inayoniamulia lini ijizime.

Mwalimu amekubali kwa masharti. Sauti yake isipelekwe mtandaoni kwa watu asiowajua, ibaki humu ndani. Na mimi nisiseme "pole" kila anapokohoa.

Tangu tupewe majibu ya vipimo sijawahi kuamka na hamu ya kufanya kitu. Leo ninayo.

20 Machi

Chumba cha nyuma. Nimetundika mablanketi ukutani na godoro mlangoni. Jaribio la kwanza bovu: kuna mvumo. Nimeutafuta nusu siku, kumbe ni diski ya kompyuta. Ni ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka, na maikrofoni inaisikia vizuri kabisa. Mimi sifanyi kazi na mvumo. Diski inatoka.

22 Machi

Nimepata SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani wala kitu chochote kinachozunguka. Ofisi moja ya mizigo inafunga na inauza vyombo vyake. Nimehamishia kila kitu humo, nikawasha, nikaweka sikio kwenye kasha. Kimya.

Jioni akaja shemeji, mdogo wake Mwalimu. Ana kibanda cha kutengeneza kompyuta sokoni, na watu humwita Spana kwa sababu hata harusini huja na vifaa mfukoni. Ana domo huyo. Akianza kukueleza habari za waya mmoja, chai inapoa.

"Hii SSD ilikuwa kwenye kompyuta gani, shemeji?"

"Ile ya kamera za ulinzi."

Akapiga mluzi. "Kamera zinaandika kutwa kucha. SSD ina kiasi chake cha kuandikwa, kikiisha imekwisha. Hiyo imeshachoka."

"Na diski yako ya sahani haichoki?"

"Inachoka, lakini inasema. Inagonga, inakwaruza, unajua kabisa hapa nina mgonjwa, unahamisha vitu vyako mapema. Hii inakufa kimya. Leo mnaongea, kesho haipo."

"Basi ndiyo ninayoitaka. Natafuta kitu kinachonyamaza."

"Haya bwana. Wewe ndiye wa redio, sisi wa kibandani tuna nini cha kusema."

Mwalimu alikuwa anatusikiliza. Akasema kwamba angekuwa na nguvu angetusimamisha wote wawili pembeni mwa darasa.

23 Machi

Nimeipima. Kuna amri ya kuiuliza diski hali yake, nayo hujibu bila aibu. Imejibu kwamba imeshatumia asilimia tisini na saba ya umri wake wa kuandikwa. Nimesoma sana mtandaoni. Wengi wanasema hesabu hiyo ni woga wa watengenezaji tu, na kwamba SSD nyingi hupita mia na kuendelea kwa miaka. Wengine wanasema vingine. Nimeamua kuwaamini wale wa kwanza.

Spana anasema anaweza kuagiza mpya. Nimemwambia aagize. Ila sauti ya Mwalimu inazidi kukwaruza kila asubuhi, haina wiki za kuchezea, kwa hiyo tunaanza na hii iliyopo.

Sijamwambia mtu kuhusu tisini na saba. Mwalimu ana mengi ya kuogopa tayari.

26 Machi

Tumeanza. Tunarekodi asubuhi mapema, kabla barabara haijachangamka. Mwalimu amejipangia kama mpango wa somo: kwanza mambo ya kila siku, ya moyoni mwishoni. Nilimwambia labda tugeuze, tuanze na ya moyoni wakati sauti bado ina nguvu. Akanijibu, "Hayo nitayasema nikiwa tayari, siyo wewe ukiwa tayari."

Leo: Nina njaa. Sina njaa. Fungeni dirisha. Nani yuko mlangoni? Usiniletee uji tena. Sauti safi, mshale umetulia.

29 Machi

Mvua kutwa. Bati linapiga kelele, hatukurekodi.

2 Aprili

Barabara ya huku imekatika darajani. Mzigo wa Spana umekwama upande wa pili, na SSD mpya imo humo. Anasema siku chache. Kompyuta inakwenda vizuri, sijaizima tangu nilipoiwasha na sioni sababu ya kuizima.

5 Aprili

Spana kaja na diski ya nje, ya sahani, ya kwake mwenyewe. Anataka tuweke nakala ya rekodi zote, na kila Jumamosi aje kuongeza. Nimekubali shingo upande. Tukaichomeka, ikaanza kunakili. Nikainuka kwenda kuzima feni, mguu ukanasa kwenye waya, diski ikaruka kutoka mezani mpaka sakafuni. Ikatoa mlio: tak, tak, tak.

Lazima niseme ukweli, nilicheka. "Hii ndiyo inayosema kabla ya kufa? Basi imeshasema."

"Umeiangusha wewe, shemeji."

"SSD ukiiangusha unaiokota inaendelea na kazi. Haina sindano ya kukwaruza sahani."

Spana aliiweka diski yake mfukoni taratibu. Uso ulikuwa umemshuka. Mwalimu akaja mlangoni, akauliza kwa ile sauti yake iliyobaki, "Mnagombea vyuma, na mimi nimekaa nangoja?"

Tulirekodi sentensi chache tu. Spana aliondoka bila kunywa chai.

7 Aprili

Koo linamuuma. Amekula mtindi kidogo.

9 Aprili

Kompyuta imetoa mistari kadhaa myekundu kwenye kumbukumbu za mfumo, kuhusu diski. Kisha ikatulia. Nikarekodi sentensi ya majaribio, nikaifungua, ikasikika. Nikafungua za jana, zinasikika. Pengine waya umelegea. Kuukaza ni lazima nizime, na nikizima nikawasha na kupanga mitambo upya, asubuhi imeshaondoka. Nitaukaza tukimaliza.

14 Aprili

Leo Mwalimu aliniambia tuache orodha. Anataka kumrekodia kitinda mimba wetu.

Nieleze kidogo. Kijana aliacha chuo mwaka juzi, mama yake akamwambia maneno makali mno mbele ya watu, naye akaondoka. Tangu siku hiyo hapokei simu ya mama yake. Yangu anapokea, tunaongea habari za mpira. Hajui kuhusu upasuaji. Mwalimu alinikataza nisimwambie, anasema hataki mtoto arudi kwa huruma ya kidonda.

Kazi ya leo ilikuwa ngumu. Anasogelea maikrofoni kila anapozidiwa, pumzi inagonga, mshale unaruka kwenye wekundu, sauti inapasuka. Nilimsimamisha mara nyingi. Nikasogeza maikrofoni, nikaweka soksi juu yake, nikamwambia ageuze uso kidogo pembeni. Mwishoni tukapata moja nzima, dakika nne, haikupasuka hata mahali pamoja. Nikasikiliza mwanzo na mwisho kama ilivyo kawaida ya kazi. Nikaipa jina la mtoto.

Alipotoka alikwenda kujifungia bafuni. Nikakumbuka sharti, sikusema pole.

17 Aprili

Umeme umekatika karibu saa mbili nzima. Betri ya akiba imeibeba kompyuta bila wasiwasi. Nilimpigia Spana kumtambia. Akasema, "Sawa shemeji," akakata.

18 Aprili

Binti amepiga simu, ameuliza kama nina nakala ya rekodi. Nikamwambia ninazo. Nilisema haraka, kabla sijafikiri, na baada ya kusema nikaona itakuwa aibu kujirudi. Nitanunua flashi mwisho wa mwezi.

22 Aprili

Wajukuu. Kwa kila mmoja hadithi fupi. Safi.

23 Aprili

Daktari amempima. Uvimbe umeongezeka. Tarehe haibadiliki. Njiani kurudi tulinyeshewa, na yeye alicheka, kicheko ambacho sasa ni pumzi tupu. Nilitaka kumkumbatia pale barabarani ila nilikuwa nimeshika mwavuli na bahasha ya picha za koo lake.

28 Aprili

Amesema zamu yangu imefika.

Nilifikiri anatania. Akakaa, akajifunika khanga mabegani, akaniambia, "Vaa hivyo vitu vyako vya masikioni." Nikavivaa. Akaanza. Baada ya kama dakika moja hivi mvua ikashuka juu ya bati, nikanyanyua mkono kumsimamisha. Tukangoja mpaka mvua ikapungua. Akaanza upya. Safari hii alikuwa anagonga meza kwa kidole bila kujua, na kila pigo linasikika. Nikamwambia, "Rudia, umegonga meza." Alinitazama. Kisha akaweka mikono mapajani na kurudia yote toka mwanzo.

Katika rekodi zote tulizofanya hii ndiyo bora. Mshale haukutikisika. Nitakaa nayo siku moja nikiwa nimetulia, nafasi ipo.

3 Mei

Hakuna flashi. Maduka ya huku yamejaa matope na wenyewe hawafungui. Daraja bado.

6 Mei

Rekodi ya mwisho. Sauti imekuwa mkwaruzo tu, maneno mengine hayatoki kabisa. Katikati ya sentensi akasimama, akasema, "Basi." Akatoka akaenda kumwagilia maua barazani, na mvua inanyesha.

12 Mei

Amelazwa. Binti amefika. Mwalimu alizungumza njia nzima kuelekea hospitali, habari za kila nyumba tuliyopita, nani alisoma shuleni kwake, nani alikuwa mtukutu. Sikuelewa nusu ya maneno kwa jinsi sauti ilivyokwisha, nikawa naitikia tu.

Tulipofika mlango wa wodi aliniambia, "Nimemwandikia mtoto ujumbe. Nimemwambia kuna kitu changu nyumbani, akasikilize. Sijamwambia kingine."

13 Mei

Wamempasua saa nne na nusu. Ametoka salama. Ana bomba shingoni. Alipofumbua macho alifungua mdomo kusema kitu.

14 Mei

Dhoruba. Nguzo za umeme zimeanguka mtaani kwetu, jirani amenipigia. Niko hospitali.

16 Mei

Nimekuja nyumbani kuchukua nguo zake, na kuandaa ile programu ya vitufe ili akirudi aikute tayari. Umeme umerudi asubuhi hii. Betri ya akiba ilikuwa imeshakufa, kompyuta imezimika. Nikabonyeza, ikawaka kawaida. Nikafungua folda ya rekodi.

Faili la mwisho ni la tarehe tisa Aprili. Sentensi yenyewe: "Chai hii haina sukari."

Nilifikiri nimefungua folda siyo. Nikatafuta kwa jina la mtoto. Hakuna. Nikatafuta kwa jina langu. Nikatafuta kila faili lililoandikwa baada ya tarehe tisa, kompyuta nzima. Hakuna hata moja, siyo la sauti tu, hata barua niliyoandikia bima haipo. Nikaunda faili jipya la majaribio, nikaliona, nikazima na kuwasha. Limepotea. Nikafanya kinyume: nikaifuta ile ya chai, nikazima na kuwasha. Imerudi.

Nimekaa sakafuni kwenye lile godoro la mlangoni. Nimelia kwa sauti, kwa kuwa nyumba ilikuwa tupu na naweza.

Kisha nimepiga simu kwa mtu wa pekee niliyekuwa naye wa kumpigia.

17 Mei

Spana alifunga kibanda, akaja kwa miguu kwenye tope lile akiwa na begi lake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Yeye akaweka begi chini tu. Alifungua kompyuta, akaing'oa SSD, akaichomeka kwenye mashine yake, akajaribu njia moja baada ya nyingine mpaka alasiri. Chai niliyomwekea nilikuja kuimwaga.

Mwisho akanieleza, pole pole, tofauti kabisa na mazungumzo yake ya siku zote. Diski ilifika mwisho wa umri wake tarehe tisa Aprili na kujifunga. Tangu siku hiyo ikawa inapokea kila nilichoipa na kujibu "sawa", bila kuandika kitu. Rekodi zote zilikuwa zimekaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile inayofutika umeme ukikatika. Kila nilipofungua faili nililikuta, kwa sababu sikuwahi kuzima.

"Kama ungeizima hata mara moja, shemeji. Siku ya pili yake tu. Tungeona."

"Hakuna cha kufanya?"

"Cha kurudisha hakipo. Hakikuandikwa."

Akaiuliza diski hali yake kwa ile amri ninayoijua. Akasoma. Akaniuliza bila kuniangalia, "Ulipoinunua ilikuwa ngapi?"

Nikamwambia.

Alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja. Kwa miaka mingi nimemwona kama debe tupu, mtu wa kelele, na siku hii angekuwa na haki ya kunipa vidonge vyangu. Alinishika bega tu. "Dada utamwambia wewe," akasema. "Mimi sitamwambia, lakini akiniuliza sitamdanganya."

19 Mei

Daraja limefunguliwa. SSD mpya imefika. Spana aliiacha mlangoni na hakubisha hodi.

21 Mei

Hospitali. Ananiandikia kwenye kibao cheupe. Aliuliza kama kijana amepiga simu. Nikasema bado. Aliuliza kama kila kitu kiko tayari nyumbani. Nikatikisa kichwa kwa namna ambayo inaweza kuwa ndiyo.

24 Mei

Amerudi nyumbani. Binti anamsafisha bomba kila baada ya saa chache. Nimejifunza na mimi. Ni lazima mkono uwe mtulivu.

26 Mei

Asubuhi aliandika: *Washa.*

Nikawasha. Programu ya vitufe nilikuwa nimeiweka kwenye SSD mpya, pamoja na rekodi zilizobaki, za mpaka tarehe tisa. Akabonyeza moja. Chumba kikajaa sauti yake, ile yenye nguvu ya mwanzo: "Fungeni dirisha." Binti akakimbilia nje. Mwalimu akatabasamu, akabonyeza nyingine, na nyingine. Usiniletee uji tena. Nani yuko mlangoni? Alikuwa anafurahi kama mtoto, na mimi nimesimama nyuma yake. Kisha akaanza kutafuta. Akashuka mpaka mwisho wa orodha, akapanda, akashuka tena. Akanigeukia.

Nikamwambia. Nilieleza kuhusu dhoruba, nguzo, betri. Nilieleza diski ilivyojifunga. Nilijisikia nikiongea sana, maneno ya kitaalamu yamefuatana, kama vile natetea mtambo mbele ya wakubwa.

Aliandika: *Ulijua lini?*

"Juzi juzi, umeme ulipo—"

Akapiga mstari chini ya *lini*. Akaupiga tena. Huyu mtu amesikiliza visingizio vya watoto tangu mimi nikiwa na nywele.

Basi nikamwambia yote. Tisini na saba. Mistari myekundu. Nakala ambayo haikuwepo na nikasema ipo. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho hayapepesi. Kisha akachukua kitambaa akafuta kibao, akaendelea kukifuta wakati kimeshakuwa cheupe. Akaenda kulala, uso ukutani.

Nimezima kompyuta. Nimekuwa naizima kila baada ya kuitumia.

27 Mei

Hajaandika kitu.

28 Mei

Hajaandika kitu kwangu. Kwa binti ameandika.

30 Mei

Kijana amekuja. Amekonda, ameota ndevu. Aliposimama mlangoni na kumwona mama yake na lile bomba, alishika fremu ya mlango. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mwalimu alimwita kwa mkono, akamwinamisha, akashika kichwa chake kifuani upande usio na kidonda. Walikaa hivyo muda mrefu. Nikatoka.

Mama yake alikuwa amemwandikia kurasa, usiku na mchana, siku hizi zote ambazo mimi sikuandikiwa. Kijana, ambaye dada yake alishamweleza kwamba rekodi imepotea, alizisoma barazani. Nilikuwa nimekaa upande wa pili, mvua ikinyesha. Alipomaliza akazikunja vizuri akaziweka ndani ya shati.

"Kwa hiyo hivi ndivyo alivyosema kwenye rekodi, baba?"

"Ndivyo anavyokumbuka yeye."

"Nilitaka kusikia alivyosema. Karatasi haina..." Akasita. "Alikuwa analia? Au alikuwa ile sauti yake ya ukali?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Siku ile ya rekodi nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwa mama yake, na sauti yote inapita masikioni mwangu.

"Ilikuwa safi," nikamwambia. "Haikupasuka."

Aliniangalia akingoja niendelee. Alipoona nimemaliza, akainuka akarudi ndani kwa mama yake.

2 Juni

Kijana bado yupo. Mvua zimepungua. Spana amekuja, wamekaa yeye na dada yake barazani, Spana anaongea na dada yake anaandika, na nimewasikia wakicheka, yaani nimemsikia Spana.

Kwangu Mwalimu ameanza kuandika tena, mambo ya nyumba: maji, dawa, tundu lioshwe saa ngapi. Anaandika kwa adabu, hata neno *tafadhali* linakuwepo. Nilikuwa naogopa hasira zake maisha yangu yote na leo ningezipokea kwa mikono miwili.

Baada ya kumwosha kidonda nilijikaza. Nikamwambia, "Ile ya kwangu. Ya siku ile mvua ilipotusimamisha. Sidai sauti. Niandikie tu ulichosema, hata kwa kifupi."

Alichukua kalamu. Aliinama juu ya kibao muda mrefu kiasi kwamba nilidhani anaandika mengi. Alipokigeuza palikuwa na neno moja.

*Ulikuwepo.*

Akaniachia nilisome, kisha akalifuta kwa kiganja na kuniomba maji.

Nimejaribu mchana kutwa. Nakumbuka mvua ilivyoanza, na kidole chake mezani, na mshale ulipokuwa umesimama. Alichoniambia sikumbuki hata neno moja.